Mafundi wa malori barabarani, Changamwe mpaka Mariakani: nimewajaribu wawili usiku mmoja

Wiki jana nimetoka poti ya Mombasa na kontena ya Kampala, saa tatu usiku, Changamwe nimepita vizuri, kufika Miritini nasikia gari nzito, naangalia geji ya upepo inashuka tu, kabla sijajipanga trela ishajifunga breki (upepo ndio unazifungua, ukiisha springi inazifunga). Tanboi, msaidizi wangu, akakimbia kuweka matawi nyuma maanake laifseva moja, ile pembetatu ya kuonya magari, ishaibiwa, na trela zinapita hapo hazina huruma.

Kwa speed hawa watu wa Miritini nawapa maksi zote. Dakika kumi boda imefika na kijana na begi la spana, sijui hata nani alimpigia. Akaingia chini, akasikiza upepo unatokea wapi, akasema busta ya ekseli ya nyuma, ile kopo ya upepo inayosukuma breki, imepasuka dayaframu, yaani mpira wake wa ndani. Hapo alisema kweli. Lakini dawa yake sasa! Akaingiza bolti akairudisha ile springi ya busta ili tairi ifunguke, paipu ya upepo akaikunja akaifunga na kipande cha tyubu, akaniambia "enda nayo hivyo bro, utatengeneza Nairobi". 3,000. Nilikuwa nimechoka na nataka kutoka hapo, nikalipa.

Yaani nimelipa mtu anitolee breki. Tairi ile inazunguka tu haishiki kitu, na mimi nimebeba mzigo kamili, mbele yangu kuna Mazeras na baadaye Taru mpaka Voi usiku kucha. Ukiwa umebeba halafu ubaki na upande mmoja unaoshika, ukikanyaga ghafla trela inavuta upande.

Nikaenda pole pole mpaka Mariakani, nikaegesha kabla ya mizani. Pale kuna mzee mmoja hukaa na vijana wake karibu na watu wa panchari, nikamwambia mzee nataka unikazie tu hii paipu isifunguke njiani. Akapiga tochi chini, akatoka, akaniambia "Mimi hiyo sikazi. Ukitaka tubadilishe busta, kama hutaki nenda salama." Nikabishana kidogo, pesa ya njia yenyewe si nyingi, akakaa zake kunywa kahawa.

Basi nikakubali. Busta mpya tulienda na kijana wake tukaamsha mwenye duka la spea, 5,500, kazi 1,500. Hakujaribu kuifungua ile ya zamani abadilishe dayaframu peke yake, alisema ile springi ya ndani ikiruka inaua mtu, na ni kweli, kuna watu washaumia hivyo. Alipomaliza akapaka povu la sabuni kwa maungio yote kuangalia kama kuna upepo unatoka. Halafu kitu ambacho sijaona fundi wa njiani akifanya, akanipandisha kwa kabini nikanyage breki huku yeye anaangalia fimbo ya kila busta inatoka kiasi gani, zile zilizotoka sana akazikaza slaka, ule mkono wa kurekebisha breki. Hiyo hakuniongezea hata shilingi.

Saa nzima na nusu imeenda, ndio. Hana haraka huyo mzee na ukimsukuma ananuna.

Kwa hivyo springi, upepo, bering, panchari, mafundi wa hii njia wanajua kazi, sana tu. Mambo ya waya na kompyuta kwa hizi gari mpya mimi siwapi, mmoja alishawahi kunikatia waya nikalala Maungu siku mbili. Na elewana bei kabla mtu hajaingia chini ya gari, akishalala na mafuta mkononi bei inakuwa yake.

Kitu kingine, hawa mafundi hawana risiti. Bosi wangu alinisumbua juu ya ile 1,500 mpaka nikamtumia meseji ya M-Pesa. Ya duka la spea chukua karatasi hapo hapo, na busta ya zamani rudi nayo, mimi niliifunga nyuma ya kabini. Zile 3,000 za Miritini bado hajanirudishia.