Hita ya kuchovya na kipimajoto cha ncha: kipi kinafaa kupashia maziwa ya wanambuzi?

Mfugaji wa hapa Tabora anayelea wanambuzi au ndama kwa chupa, ama kwa sababu mama amekufa au amekosa maziwa, atakuta madukani vifaa viwili vinavyosifiwa kuwa vinarahisisha kupasha maziwa: hita ya kuchovya, ile ya koili ya chuma yenye mshikio wa plastiki, na kipimajoto cha kidijitali chenye ncha ndefu. Nimevitumia vyote viwili kwa wanambuzi wangu, Ipuli, msimu huu wa baridi. Kipimajoto ningekinunua tena hata leo, ila hita ningewaachia wengine.

Muuzaji alinihakikishia kuwa hita hiyo huchemsha chochote, maziwa yakiwemo. Ushauri huo usifuatwe. Maziwa yanayogusa koili huungua na kugandia hapohapo, ilhali yale ya chini ya chombo bado ni ya baridi, na ukoko wake kuusugua ni adhabu. Kazi yake iwe kupasha maji tu, kisha chupa ya maziwa isimamishwe ndani ya maji hayo. Hita ya wati 1,000 hupandisha lita 5 za maji kutoka nyuzi joto 25 hadi 50 kwa dakika 9 hivi, jambo ambalo si baya, lakini jiko la mkaa lililokwisha kuwashwa kwa ajili ya chai hufanya kazi hiyohiyo, na umeme ukikatika alfajiri hita hubaki pambo. Aidha, niliyouziwa ina plagi ya pini mbili, maana yake haina waya wa ethi, ule wa kumkinga mtu asipigwe na umeme. Kwa hiyo ni lazima kuzima swichi na kuchomoa plagi kabla ya kutia kidole au chupa ndani ya maji.

Kipimajoto, ambacho bei yake haikufika hata ya jogoo, ni habari nyingine. Maziwa yanatakiwa kumfikia mwanambuzi yakiwa na nyuzi joto 38 hadi 40, karibu sawa na joto la mwili wake mwenyewe. Yakiwa baridi hunyonya shingo upande, na mwili wake mchanga hulazimika kutumia nguvu kuyapasha. Yakizidi moto humuunguza kinywa na koo. Wengi tumezoea kudondoshea matone kwenye kifundo cha mkono, lakini mkono uliotoka kushika maji ya baridi ya alfajiri hauaminiki kutenganisha nyuzi 39 na 45.

Mimi huweka chupa ya soda ya nusu lita, iliyovishwa nyonyo, katika maji ya nyuzi 50, kwa kuwa maji yanayochemka huikunja chupa hiyo ikapoteza umbo. Huipindua mara kadhaa ili joto lisambae, kwani maziwa yaliyo karibu na ukuta wa chupa hutangulia kupata moto, ndipo hufungua na kutumbukiza ncha. Yanayobaki baada ya kunyonyesha hayapashwi tena.

Faida kubwa zaidi huonekana kwenye dang'a. Maziwa hayo ya kwanza yakipita nyuzi 60 huanza kuganda, na kinga iliyomo huharibika, wakati mtoto anaihitaji katika saa chache za mwanzo, kabla utumbo wake haujaacha kuipokea. Jicho halioni nyuzi 60. Dang'a inapoonekana kuganda, kinga imekwisha kwenda.

Atakayekipima kwa maji yanayochemka asishtuke kusoma 96 badala ya 100 na kukirudisha dukani akidhani ni kibovu. Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia chini kidogo huku. Kipimo kizuri zaidi ni maji yaliyojaa barafu iliyopondwa, ambayo yanapaswa kusoma 0 au karibu sana na hapo.

Kasoro zake ni mbili. Kichwa chenye skrini hakivumilii maji, hivyo huoshwa ncha peke yake, kwa sabuni, kila baada ya kutumika. Pia dukani hapakuwa na betri ya akiba. Ni ya kitufe, aina ya LR44, na niliipata kwa fundi saa.