Orodha binafsi za kuzuia anwani za IP: uzoefu wangu wa mwaka mzima

Nilianza kuzuia anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao, kwa hasira. Ninatunza kompyuta saba za kazini na mashine moja ya Windows inayofanya kazi ya seva. Asubuhi moja nilifungua kumbukumbu za matukio nikakuta tukio namba 4625, yaani mtu kashindwa kuingia, limejirudia usiku kucha. Kila mstari na jina lake: Administrator, admin, test, user, halafu Administrator tena. Kati ya jaribio na jaribio hazikupita sekunde tatu. Mgongaji alipitia poti 3389, yaani mlango wa mtandao wa kuendeshea Windows kutoka mbali, ambayo mimi mwenyewe niliiacha wazi ili nifanye kazi nikiwa nyumbani. Hakuingia, lakini siku nzima sikutulia.

Programu ya ulinzi tuliyokuwa tumeilipia ina faiwoli yake, yaani kichujio cha mawasiliano ya mtandao, na ndani ya faiwoli kuna sehemu ya orodha binafsi. Siitaji jina, ninachotaka kueleza ni namna sehemu hiyo inavyofanya kazi ukiitegemea kila siku. Unaandika anwani, unahifadhi, na kuanzia hapo pakiti, yaani vipande vya data, zinazotoka huko zinatupwa kimyakimya, anayegonga hapati jibu lolote. Kwa kazi hiyo ya msingi sina lawama. Sijawahi kuona anwani iliyoandikwa ikipenya, na mashine haikuwa nzito hata orodha ilipofika makumi ya maelfu ya mistari.

Wiki ya kwanza niliandika anwani moja moja kwa mkono. Ilikuwa kuteka maji kwa pakacha. Ukizuia 203.0.113.45 leo, kesho anakuja 203.0.113.46. Basi nikaanza kuzuia makundi: 203.0.113.0/24 inabeba anwani 256 kwa mstari mmoja, na /16 inabeba 65,536; namba iliyo baada ya mkwaju ikipungua, kundi linakua. Programu inayakubali maandishi hayo, ila haikuambii popote kwamba mstari wako unagusa anwani ngapi. Ukikosea ukaandika /8 ulipotaka /28, anwani 16 zinageuka kuwa zaidi ya milioni 16, na dirisha linakujibu kuwa imehifadhiwa vilevile. Onyo dogo tu pale lingeokoa watu wengi.

Kisha nikagundua kwamba programu inaweza kupakua orodha iliyoandaliwa na wengine na kuisasisha yenyewe kila siku. Orodha nzuri zipo. Ile ya DROP ya Spamhaus, shirika linalofuatilia barua taka, kwa mfano, hubeba makundi yaliyotekwa au kukodishwa na wahalifu wa mtandaoni, na ni fupi kiasi kwamba unaweza kuisoma kwa macho. Mimi sikuridhika na fupi. Nilichukua nyingine, ndefu ajabu, nikabandika kiungo chake na kuhifadhi.

Kwa saa nzima hakuna kilichoharibika. Niliendelea kufanya kazi kwenye seva kutoka dawati langu kana kwamba hakuna jipya. Halafu mwenzangu akasema printa haimjibu. Wa pili akasema folda ya pamoja imetoweka. Nilipojaribu kuingia upya kwenye seva, nami nikabaki nje. Kumbe muunganisho wangu wa awali ulikuwa umefunguliwa kabla ya orodha kuanza kazi, na faiwoli haikuukata. Ilikataa mipya tu. Ilibidi nichukue kibodi na skrini nikakae mbele ya mashine yenyewe.

Nilifungua faili la orodha kwenye kihariri cha kawaida nikaanza kushuka. Sikwenda mbali. Karibu na juu kabisa kulikuwa na 10.0.0.0/8, chini kidogo 172.16.0.0/12, na baadaye 192.168.0.0/16. Hizo ni anwani za ndani, zilizotengwa kwa mitandao binafsi tangu miaka ya 1990, na mtandao wetu mzima umo humo. Waliotunga orodha hawakukosea. Waliitunga kwa ajili ya ruta inayotazama nje, ambako pakiti yenye anwani ya ndani haina sababu ya kutokea, na ikitokea ni ya udanganyifu. Kosa lilikuwa langu, la kuiweka kwenye mashine iliyo katikati ya mtandao wa ndani bila kuisoma.

Lakini kilichofuata ni udhaifu wa programu, na hapa nasema kwa uchungu. Niliweka 192.168.1.0/24 kwenye orodha ya kuruhusu, nikidhani yatosha. Haikusaidia, kwa sababu katika programu hii kuzuia kunashinda kuruhusu. Utaratibu huo si wa ajabu, hata faiwoli ya Windows yenyewe hufanya hivyo, ila hawakuuandika popote kwenye dirisha. Nikafuta ile mistari mitatu kwa mkono, mtandao ukarudi, tukashukuru. Kesho yake saa za asubuhi sasisho la orodha likairudisha yote mitatu, na printa ikanyamaza tena. Niliowaandikia kuomba msaada walinijibu nizime usasishaji. Yaani nibaki na orodha iliyochacha!

Suluhisho nililitengeneza mwenyewe. Sasa orodha inapakuliwa na skripti ndogo, yaani programu fupi ya maagizo, inaondoa kila mstari unaogusa anwani zetu, inahesabu mistari iliyobaki, na ikikuta faili ni tupu au imevimba kupita kiasi inaacha ya jana iendelee. Programu inasoma faili hilo la ndani tu. Miezi minane sasa haijanisumbua.

Jambo la pili lililoniumiza ni la watu. Dada mmoja tunayefanya naye kazi alikuwa safarini, akashindwa kufungua barua pepe siku mbili. Anwani ya mtandao wake wa simu ilikuwa kwenye orodha yangu, niliiandika mwenyewe miezi minne nyuma. IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za IP, ina anwani zisizofika bilioni 4.3, hivyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Aliyegonga wakati ule alishaondoka zamani. Aliyeadhibiwa ni dada wa watu. Na programu haikunionyesha niliiweka lini wala kwa nini, kwa kuwa kisanduku chake kinapokea anwani tupu, bila tarehe wala maelezo.

Kwenye seva yangu nyingine ya Linux sina tatizo hilo. Programu ya Fail2ban inasoma kumbukumbu, ikiona makosa matano ndani ya dakika kumi inamfungia mhusika dakika kumi, kisha inamwachia. Hivyo ndivyo ilivyo kabla hujabadilisha chochote, na mimi nimeongeza muda kuwa siku moja. Makundi ya kudumu nayaweka kwenye ipset, zana ya Linux ya kutunza orodha za anwani, ambayo hutafuta anwani kwa haraka badala ya kupitia kanuni moja baada ya nyingine, na kila anwani unaweza kuipa muda wake wa kuisha. Ukipeleka orodha ndefu ujue kikomo chake cha kawaida ni mistari 65,536. Zaidi ya hapo unaongeza maxelem, mpangilio wa kikomo hicho, unapoliunda kundi.

Kuhusu IPv6, mfumo mpya wa anwani, usihangaike na anwani moja moja. Mashine moja inaweza kubadilisha anwani kila ipendapo ndani ya /64 yake, kwa hiyo zuia /64 nzima. Programu yetu inaruhusu hilo.

Je, orodha ilinilinda? Kwa poti 3389, kidogo. Matukio ya 4625 yalipungua, lakini kilichoyamaliza kabisa ni kuifunga poti kwa nje na kuingia kwa VPN, njia iliyosimbwa ya kuingilia mtandao wetu, yenye uthibitisho wa hatua mbili. Ningefanya hivyo siku ya kwanza kabla ya kuandika anwani hata moja. Orodha nimeibakiza kwa tovuti na barua pepe, milango isiyoweza kufungwa, na huko inapunguza kelele kiasi kwamba nikisoma kumbukumbu naona kitu cha maana.

Kwa mwenye kompyuta moja nyumbani nyuma ya ruta ambayo haijafungua poti yoyote, sehemu hii haina haja. Isiwe sababu ya kununua. Kwa mwenye seva, natoa nyota tatu kati ya tano: inazuia sawasawa, inatunza vibaya. Leseni yetu inaisha miezi miwili ijayo. Wakiweka tarehe ya kuisha kwa kila mstari na kuniruhusu nitenge anwani zangu kabla ya sasisho, nitaihuisha. Wasipofanya hivyo, ile mashine ya Windows itahamia nyuma ya faiwoli ya Linux, na nimeshaanza kuijenga.