Makro ya kuzima kompyuta kutoka ndani ya Word, sijui niisifie au niitukane

Nina steshenari, nachapa barua na risechi za wanafunzi toka asubuhi, na jioni nikifunga duka nasahau kuzima mashine, luku inaliwa usiku kucha. Dogo mmoja fundi akaniambia braza hiyo ndogo, nakuwekea makro, yaani kiprogramu kidogo cha amri, humo humo kwenye Word, ukimaliza kazi inazima yenyewe. Nikampa elfu kumi. Akabonyeza Alt na F11, akaandika Shell "shutdown -s -t 60", yaani zima mashine baada ya sekunde sitini, kazi imeisha, nikaona kijana ana kichwa huyu.

Kesho yake nimefungua risechi ya dada mmoja wa chuo, naipanga, na pembeni barua ya mirathi ya mzee mmoja. Ya mzee ikaisha, nikaprinti, nikaifunga. Mara kibango, kompyuta inazimwa baada ya dakika moja! Nikajua kirusi. Nabonyeza hovyo, mzee anadai chenji, dada kashika kichwa, mara kiooni giza. Na ukiiwekea zile sekunde haikuulizi umesevu au hujasevu, inafunga kila kitu kwa nguvu.

Kumbe ile makro kaiita AutoClose, jina ambalo Word ikiliona inaiendesha yenyewe faili likifungwa, akaitupia kwenye Normal.dotm, yaani templeti mama ya Word, kwa hiyo faili LOLOTE ukilifunga basi mashine nayo inalala. Nampigia ananijibu "si ulisema ukimaliza izime?" halafu anacheka! Wala hakunifundisha kwamba ukibonyeza Windows na R ukaandika shutdown -a ile hesabu inakatika, nimekuja kuambiwa na mtoto wa form two aliyekuja kununua daftari. Word ilirudisha risechi ya dakika kadhaa nyuma, kurasa zilizopotea nikachapa bure.

Ila sasa, sikuifuta. Nimeibadilisha jina, imekuwa kitufe pale juu, nimetanguliza mstari wa Documents.Save ili isevu kwanza mafaili yaliyo wazi, naibonyeza mwenyewe nikishika kufuli, na kusema ukweli raha, siku hizi luku inakaa. Jamani ni nzuri, nisiwadanganye. Nzuri mpaka juzi kidole kilipoteleza, natafuta cha kusevu nikagusa hicho, mbele ya yule yule dada. Bahati shutdown -a nimeiandika kwa maka peni ubavuni mwa monita.

Na yule dogo akija kuchapa sivii yake hapa, bei yake ni elfu kumi.