Kijitabu cha masomo manne ya Yefta: kinafaa, ila kimeruka aya 17

Vikundi vingi vya Biblia vya nyumbani hapa Mombasa vinatafuta somo fupi juu ya ahadi za haraka, na kijitabu hiki cha shilingi 150 kinajibu haja hiyo kwa habari ya Yefta, shujaa wa Israeli aliyeweka nadhiri ya kumtolea Mungu chochote kitakachotoka kwanza nyumbani kumlaki akishinda vita, akatoka binti yake. Kina kurasa 24 na masomo manne, kila somo la saa moja. Kiswahili chake ni safi, na maandiko yamechapwa yote humo ndani, kwa hivyo asiye na Biblia haachwi nyuma. Kinunueni. Ila kina shimo katikati, na kiongozi asipolijua mapema atafundisha nusu ya Yefta akidhani amemaliza.

Somo la kwanza linakomea Waamuzi 11:11, pale wazee wa Gileadi wanapomweka Yefta kuwa kichwa chao huko Mispa. Somo la pili linaanzia aya ya 29, na nadhiri inafuata mara moja katika aya ya 30. Aya 17 zilizo katikati hazimo, hata kwa muhtasari, na humo ndimo hekima yake ilimojaa. Yefta anatuma wajumbe kwa mfalme wa wana wa Amoni kabla ya kushika upanga. Anauliza ugomvi ni wa nini. Akijibiwa kwamba Israeli walipora nchi kutoka mto Arnoni hadi mto Yaboki, anatuma tena, safari hii na historia nzima: Israeli waliomba njia, wakanyimwa, Sihoni mfalme wa Waamori akawapiga vita, nchi ikatwaliwa kwake wala si kwa Amoni, na miaka 300 imepita bila mtu kuidai. Hiyo ni hoja ya mtu anayepima neno kabla ya kulitoa.

Ukiziruka aya hizo, darasa linamwona Yefta kama mropokaji tu, na kila mmoja anajiambia, mimi si kama yule. Ukizisoma, swali linakuwa zito zaidi: mtu aliyekuwa makini hivi mbele ya wazee na mbele ya adui, mbona mbele za Mungu aliharakisha? Jibu limo katika namna ya kusema. Aliwaambia wazee, mkinirudisha nyumbani nami nikishinda, nitakuwa kichwa chenu? Kisha akamwambia Mungu, ukiwatia Amoni mkononi mwangu, nitatoa hiki. Alipatana na Bwana kama alivyopatana na wazee. Na aya ya 29 inasema Roho ya Bwana ilikuwa imekwisha kumjia. Alikuwa akinunua alichokwisha kupewa.

Tiba ni rahisi. Waamuzi 11 ina aya 40. Igawe hivi: 1–11, 12–28, 29–40, kisha 12:1–7. Somo la nne la kijitabu, ambalo ni marudio, liache. Ramani ya ukurasa wa 9 haina mto hata mmoja, kwa hivyo chora Arnoni na Yaboki kwa chaki, la sivyo mabishano ya aya ya 13 hayaeleweki. Somo la kwanza liendeshe kwa upole. Yefta alifukuzwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa kahaba, na kwa kawaida kutakuwa na mtu chumbani aliyeitwa mwana wa haramu. Usiulize nani amewahi kutengwa na urithi.

Somo la tatu ndilo bora. Linaweka bayana kwamba kutoa mwana kafara kulikatazwa (Kumbukumbu la Torati 12:31), kwamba aliyeapa bila kufikiri alipewa njia ya kuungama na kuleta kondoo au mbuzi jike (Walawi 5:4–6), na kwamba Walawi 27 iliweka kima cha kulipa badala ya mtu aliyewekwa nadhiri: mwanamke wa miaka 20 hadi 60 shekeli 30 za fedha, wa miaka 5 hadi 20 shekeli 10. Linaeleza pia kwa haki kwamba wapo wanaosema binti aliteketezwa na wapo wanaosema aliwekwa wakfu akabaki bila mume. Kilichokosekana ni Walawi 27:28–29, inayosema kilichowekwa wakfu kabisa hakikombolewi. Mjuzi mmoja akiitaja, kiongozi asiyejiandaa atababaika. Isome nao.

Kasoro inayoumiza iko ukurasa wa mwisho: kadi ya ahadi, yenye nafasi ya jina na kiasi, ya kujazwa kabla ya kutoka. Baada ya kufundisha Mithali 20:25, kwamba ni mtego mtu kuweka wakfu kwa haraka na kufikiri baadaye! Ichane. Au wape waende nayo nyumbani, wairudishe baada ya wiki mbili, na uongeze mistari miwili kwa kalamu: pesa hizi zinatoka wapi, na nani mwingine nyumbani ataguswa. Ahadi ya Yefta ililipwa na bintiye, ambaye hakuulizwa. Ahadi ya harambee hulipwa na karo ya mtoto. Saini ya mdhamini kwenye mkopo wa sacco hulipwa na akiba ya mdhamini, mwenye deni asipolipa. Mithali 6:1–5 inamtaka aliyenaswa hivyo asilale kabla hajajinasua, na kijitabu hakiitaji kabisa. Iongeze.

Shiboleti ya sura ya 12, neno ambalo Waefraimu hawakuweza kulitamka vizuri wakatambulika kwalo, haihitaji maelezo marefu hapa. Mwombe Mmvita aseme “ndia” na mtu wa bara aseme “njia”, darasa litaelewa papo hapo. Kisha soma idadi ya Waefraimu waliouawa vivukoni mwa Yordani, 42,000, na uwape dakika tano za kimya kabla ya maombi.