Kayaki ya Pedeli kwa Uvuvi: Anza Kuikagua kwa Nyuma

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu kayaki za pedeli, vile vyombo vidogo vinavyoendeshwa kwa miguu, yanafanana mno. Mtu amenunua, pedeli ni laini, kiti hakimuumizi mgongo, mahali pa kuchomeka fimbo papo kila upande. Kisha upepo unamkuta ubavuni huku samaki yuko kwenye mshipi, na chombo kinageukia kinakotaka chenyewe. Ananiandikia akiuliza kama mtambo wa pedeli umeharibika. Mtambo ni mzima. Tatizo ni usukani, kile kibapa kinachoning'inia tezi, yaani nyuma ya chombo, ambacho muuzaji hakumwonyesha na yeye hakukiulizia.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia rangi wala idadi ya mifuko na visanduku. Hayo utayaona mwenyewe. Nitakaa kwenye usukani hadi nitosheke, halafu nitazipanga kayaki nikianza na ninayoipenda.

Ukitumia kafi, mikono ndiyo inayokigeuza chombo: unapiga maji upande mmoja, omo, yaani mbele ya chombo, inaelekea wa pili. Ukihamia kwenye pedeli, kazi hiyo yote inaangukia usukani, maana mikono sasa imeshika fimbo. Na usukani haufanyi lolote pasipo maji kupita juu yake. Kwenye boti ya mashine propela iko jirani kabisa na usukani na inausukumia maji moja kwa moja, hivyo boti hugeuka hata ikiwa ndiyo kwanza inaondoka. Kwenye kayaki propela iko chini ya miguu yako na usukani uko nyuma kabisa, mgongoni kwako. Maji yaliyosukumwa yanafika huko yakiwa yamekwisha tawanyika. Ukipunguza mwendo ili utupe chambo karibu na mwamba, mahali ambapo unauhitaji usukani kuliko popote, ndipo unapokosa nguvu.

Juu ya hilo, kayaki za uvuvi zimetanuliwa hadi sentimita 85, 90 na zaidi ili mtu aweze kusimama. Kuta zimepandishwa, kiti kimepandishwa, na vyote hivyo vinashika upepo. Kibapa kidogo kama kiganja hakina ubavu wa kushindana na mzigo huo. Nimeona kayaki nzito, ya bei kubwa, imefungwa usukani ambao ungefaa chombo cha nusu ya uzito wake, na hilo linanikera kwa sababu kibapa kikubwa hakimgharimu mtengenezaji kiasi cha kumfilisi.

Sasa fikiria kurudi nyuma. Wauzaji wanaisifu sana rivasi, na kweli inafaa: samaki akikimbilia kwenye magugu unamvuta huku chombo kinarudi. Lakini chombo kikirudi, maji yanaupiga usukani kutoka upande usiozoeleka, na wenyewe unataka kuangukia pembeni. Ukiachia mkono, kibapa kinajikunja hadi mwisho na tezi inakwenda mzunguko. Jambo hili halimo kwenye karatasi ya maelezo ya kayaki yoyote niliyowahi kusoma.

Kisha kuna suala la mkono. Kayaki nyingi zina kishikio kimoja cha usukani, na mara nyingi kiko kushoto. Wavuvi wengi wanaotumia rili ya kawaida wanashika fimbo kwa mkono wa kulia na kuzungusha rili kwa kushoto. Samaki akishakamata, mkono wa kushoto una kazi, wa kulia una kazi, na usukani hauna mtu. Hapo unahitaji kimoja kati ya vitu viwili: kishikio kila upande, au usukani unaobaki pale ulipouacha. Huo wa pili unaweza kuupima dukani bila tone la maji. Geuza kishikio nusu, achia, nenda nyuma ukisukume kibapa kwa kidole. Kikirudi katikati bila ukinzani, jua majini kitakuhangaisha. Ukirudi mbele, tikisa kishikio taratibu huku mwenzako anatazama kibapa. Kishikio kikicheza sana kabla kibapa hakijaitika, kamba zinazounganisha kishikio na kibapa zimelegea, au zimepitishwa kwenye kona nyingi ndani ya bodi. Kulegea kunarekebishika ikiwa kuna skurubu ya kukazia unayoweza kuifikia. Uliza iko wapi. Muuzaji akianza kutafuta mwenyewe, umepata jibu kuhusu alivyokijua chombo anachokuuzia.

Haya, kwenye mpangilio. Sifichi kwamba nawapenda Hobie. Walileta mtambo wao wa MirageDrive mwaka 1997, na badala ya propela wakaweka mapezi mawili yanayopiga kushoto na kulia chini ya bodi. Miguu inasukuma mbele kwa zamu, haizunguki kama kwenye baiskeli, hivyo magoti hayapandi juu na unaweza kukaa chini zaidi. Ukisukuma pedeli moja hadi mwisho, mapezi yanalala bapa kwenye tumbo la chombo na unapita kwenye maji mafupi bila kung'oa kitu. Kwa anayevua kwenye maji yenye mwani mwingi, hilo tu linatosha kumaliza mjadala.

Ya kwanza kwangu ni Hobie Mirage Pro Angler 12 yenye MirageDrive 360. Ina urefu wa mita 3.66, upana wa sentimita 91, na inabeba hadi kilo 227. Naiweka juu kwa sababu ndiyo kayaki iliyolikabili tatizo la usukani kwenye mzizi wake. Mapezi yenyewe yanageuka duara zima. Unayaelekeza unakotaka kwenda na chombo kinakwenda huko: mbele, nyuma, hata ubavu. Nguvu inayokusukuma ndiyo hiyo hiyo inayokugeuza, kwa hiyo huhitaji kwanza kupata mwendo ndipo uitikiwe. Upepo ukikusukuma kuelekea kwenye mwamba, unaelekeza mapezi upande wa upepo, unapiga polepole, unabaki palepale na mshipi umenyooka. Usukani wa tezi bado upo, nao unasaidia kunyoosha safari ndefu. Aliyekwisha kuvua namna hii itamwia vigumu kurudi kwenye kayaki inayohitaji kuzunguka eneo lote ili ielekee ilikotoka.

Kasoro yake ni uzito. Ikiwa na kiti, mtambo na vifaa inapita kilo 50, na kama huna kigari cha magurudumu au mtu wa kukusaidia, usiinunue. Pia mtambo wa 360 una sehemu nyingi zaidi za kutunza. Ukivua maji ya chumvi, usuuze kwa maji baridi kila urudipo. Mchanga ukiingia kwenye maungio yake unayala taratibu na hutajua hadi pedeli zianze kukwaruza.

Ya pili ni Hobie Mirage Outback. Hii haina mapezi ya kugeuka duara. Ina rivasi ya kawaida ambayo unaivuta kwa kamba. Lakini tangu ilipoundwa upya kwa mwaka 2019, usukani wake una vishikio pande zote mbili, na kayaki yenyewe ni nyembamba kidogo, sentimita 86, hivyo inakwenda kasi zaidi kwa nguvu ileile ya miguu. Ni nyepesi kuliko Pro Angler kwa kiasi ambacho mgongo wako utakitambua. Mtu anayeishusha na kuipandisha kwenye gari peke yake ningemwambia aanzie hapa, hata kama uwezo wa kununua ile ya kwanza anao.

Ya tatu, na ndiyo bora miongoni mwa zenye propela, ni Old Town Sportsman PDL 120. Mtambo wake una gia ya uwiano wa 10.3 kwa 1, maana yake ukizungusha pedeli mara moja propela inazunguka zaidi ya mara kumi. Ukipiga pedeli kinyume unarudi papo hapo, bila kamba wala swichi, na mtambo umepewa dhamana ya miaka 5. Kwenye maji mafupi unainua mtambo ukalala juu ya bodi. Hilo ni zuri, ila kumbuka ukishauinua huna msukumo wowote, na unapaswa kukumbuka kuuinua kabla ya mwamba, si baada. Rivasi yake nzuri ndiyo inayokukutanisha na lile tatizo la usukani kujikunja, kwa hiyo shika kishikio kwa nguvu unaporudi.

Native Watercraft na mtambo wao wa Propel wanafuata. Nao wanarudi nyuma kwa kupiga pedeli kinyume, na kayaki yao ya Titan ni pana kiasi kwamba kusimama juu yake hakutishi. Upana huohuo ndio unaonifanya niishushe hadi hapa. Ijaribu kwenye siku yenye upepo, si kwenye asubuhi tulivu.

Za bei ya chini sina mengi. Perception Pescador Pilot 12 ni chombo cha kweli kwa maji yaliyotulia. Zile zisizo na jina, zinazofanana zote na kutofautiana stika tu, usinunue kabla hujamuuliza muuzaji kama kuna kamba, kibapa na pini ya propela za akiba. Pini ikikatika na haipatikani, una kayaki ya kafi iliyo nzito.

Lakini nina neno na wauzaji, hata wa chapa kubwa. Kwa nini picha zote zinapigwa kutoka mbele? Tunaona omo, tunaona mtu anatabasamu, tezi haionekani. Kwa nini uzito unaoandikwa kwa herufi kubwa ni wa bodi tupu, bila kiti, bila mtambo, kana kwamba kuna atakayevua akiwa amekaa kwenye plastiki bila pedeli? Na linaloniudhi kupita yote ni kumuuzia mtu kayaki yenye usukani mdogo, kisha akirudi kulalamika unamtolea rafuni kibapa kikubwa, kwa bei ya ziada, na kukiita kifaa cha kuboresha. Ulijua tangu siku ya kwanza kwamba atakihitaji. Kifungwe kabla chombo hakijatoka dukani.

Ukiruhusiwa kujaribu majini, na udai kuruhusiwa, vaa jaketi okozi, chukua kafi, kisha fanya haya. Zunguka duara kamili kulia, halafu kushoto, ulinganishe ukubwa wa miduara. Ikitofautiana sana, kamba hazijasawazishwa. Acha kupiga pedeli, chombo kikiwa kinateleza kwa kasi ndogo geuza usukani uone ni wakati gani kinaacha kukusikia. Rudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Mwisho elekeza ubavu kwenye upepo, shika fimbo kwa mikono yote miwili kama mwenye samaki, uendelee kupiga pedeli. Omo ikigeuka yenyewe kabla hujamaliza kuzungusha rili, mrudishie muuzaji kayaki yake.