PARI/GP: programu ya kuchunguza namba nzima kubwa

Kwa yeyote anayetaka kujua undani wa namba nzima ndefu, PARI/GP ndiyo programu ninayoipendekeza kabla ya nyingine zote. Ilianza kutengenezwa mwaka 1985 na Henri Cohen na wenzake huko Bordeaux, Ufaransa. Hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuukagua.

Niliipima kwa 147573952589676412927, yaani 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1. Marin Mersenne aliihesabu miongoni mwa namba tasa mwaka 1644, Édouard Lucas akabainisha mwaka 1876 kwamba si tasa ingawa hakupata kigawanyo chake hata kimoja, na ilipofika 1903 ndipo Frank Nelson Cole alipoonyesha kuwa ni zao la 193707721 na 761838257287. Amri ya factor huvitoa vigawanyo hivyo viwili papo hapo. Amri ya sigma nayo hujumlisha vigawanyo vyote vinne, pamoja na 1 na namba yenyewe, ikaleta 147573953351708377936, bila kukadiria tarakimu hata moja. Uaminifu huu si jambo dogo. Vikokotoo vingi hutunza namba kwa namna ambayo uhakika wa namba nzima hukoma kwenye 9007199254740992; ukivuka hapo, namba witiri yaweza kugeuzwa shufwa kimyakimya, na sifa zote utakazosomewa zikawa za namba nyingine kabisa.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi programu hii inavyotenganisha uthibitisho na dhana. Amri ya ispseudoprime hufanya jaribio la haraka la kuangalia kama namba ni tasa, jaribio ambalo hakuna namba isiyo tasa inayojulikana kuwahi kulipita, na chini ya 18446744073709551616 imehakikishwa kuwa haipo; amri ya isprime huendelea mbele hadi kuthibitisha kwamba namba ni tasa. Hata hivyo, factor yenyewe hutosheka na lile jaribio la haraka, isipokuwa mtumiaji aweke mpangilio uitwao factor_proven kuwa 1. Naona mpangilio huo ungefaa uwe kinyume chake, kwa kuwa mgeni hana sababu ya kushuku kwamba kigawanyo kirefu alichopewa hakijathibitishwa.

Haina vitufe wala michoro ya kumwongoza mtu. Ni mstari wa amri tu, na mwongozo wake unamchukulia msomaji kuwa anaijua hisabati tayari. Tena isitarajiwe kufanya muujiza: RSA-250, namba ya tarakimu 250 iliyo zao la namba tasa mbili kubwa, ilivunjwa mwaka 2020 kwa nguvu za kompyuta nyingi mno zikifanya kazi pamoja, na kompyuta moja ya mezani haiwezi kuikaribia kazi hiyo. Kwa namba za tarakimu chini ya 60 au hivi, hata zile ngumu, majibu huja bila kusubiri sana, na hapo ndipo mwanafunzi au mwalimu wa nadharia ya namba atakapofaidika nayo zaidi.