Whitfield kwa fangasi za miguuni, mimi imenisaidia ila soma kwanza kabla hujapaka

Mimi kazi yangu samaki, nashinda soko la Deep Sea hapa Tanga na gambuti toka alfajiri, maji ya chumvi na ya barafu yanaingia humohumo, kwa hiyo fangasi ikishika miguu inakuwa balaa. Kwangu ilianzia katikati ya kidole cha mwisho na jirani yake, ngozi inakuwa nyeupe imeloa inachanika, usiku inawasha mpaka unasugua mguu kwenye ukingo wa kitanda, harufu ndo usiseme.

Duka moja walinipa tyubu, muwasho ukakata fasta nikajua nimepona, kuacha tu ukarudi na umepanda mpaka juu ya mguu. Kumbe ile ilikuwa na steroidi, inatuliza muwasho lakini fangasi wenyewe inawaacha wajitanue wanavyotaka. Hili linaniuma jamani maana watu wanauziwa kila siku, mpaka watoto wenye mapunye wanapakwa.

Nesi mmoja ndo akanielekeza Whitfield, nikaipata kwa buku mbili. Dawa ya zamani hii, jina ni la daktari wa ngozi Mwingereza, Arthur Whitfield. Mafuta mazito meupe, ndani kuna asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, na hiyo salisiliki ni ukoo mmoja na aspirini, asili yake gome la mwerebi, ile miti ya kandokando ya mito huko Ulaya. Mwaka 1828 Mjerumani Johann Buchner alitoa salisini kwenye gome hilo, ndo iliyokuja kuzaa salisiliki, siku hizi salisiliki wanaitengeneza kiwandani. Kazi yake inalainisha ngozi iliyokufa inabanduka, benzoiki nayo inapambana na fangasi.

Na kweli inabandua! Ngozi ilikuwa inatoka vipande vyepesi kama ganda la kitunguu, chini yake ngozi mpya. Naosha miguu, nakausha vizuri kati ya vidole (hapa ndo wengi wanapakimbia), napaka kidogo asubuhi na jioni. Muwasho haukati siku moja, na ukikata usiache, endelea wiki kadhaa mbele, mimi nilienda zaidi ya mwezi na mpaka leo pako safi.

Ubaya wake inaunguza. Pakiwa pamechanika mbichi usipake kabisa, subiri pafunge, na usipeleke usoni wala sehemu za siri. Inachafua soksi pia kwa mafuta. Kama kilichoharibika ni kucha hii haifiki, na kama aspirini inakudhuru muulize daktari kwanza. Mama mmoja tunauza naye ana kisukari, aliniomba nimpunguzie kidogo nikamkatalia, nikamwambia mama yangu mguu wako huo nenda hospitali ya Bombo wakauangalie.